Mwewe wa Isevya

Mwezi wa nane hapa Tabora, jua la saa saba likichoma mabati ya Isevya, mwewe hupanda juu bila kupiga bawa. Nikiwaona namkumbuka mdogo wangu aliyeko Ujerumani, anayeshindana kurusha glaida, ndege isiyo na injini. Naye hupanda vilevile, akibebwa na hewa ya moto.

Kwenye mashindano wote wanaitafuta hewa ileile, kwa hiyo glaida nyingi huzunguka mahali pamoja, bawa karibu na bawa. Hapo ndipo mimi hukaa roho mkononi. Kanuni ni hii: aliyetangulia kuingia ndiye anayechagua upande wa kuzunguka, wengine wote wanamfuata. Wanavaa parachuti, na wana FLARM, kifaa kilichobuniwa Uswisi, kinachoonya mwenzako akikaribia. Lakini aliye chini na nyuma yako humwoni, na ukiinamia kioo cha kifaa, hata wa mbele humwoni. Macho yawe nje, basi.

Jumapili alinipigia. "Shikamoo dada. Leo nimetua shambani."

Pointi zimepotea, zilibaki kilomita chache tu. Ila aliliona shamba la ngano lililokwisha kuvunwa akiwa bado juu, akaamua mapema, hakungoja bahati. Nikamwambia ahsante. Nikarudia tena, ahsante mdogo wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwembe wa uani umeshatoa maua.