Tui la tatu

Jumapili asubuhi mwanangu alikuwa amekalia mbuzi, akikuna nazi ya mbaazi. Nikakamua tui la kwanza, nikarudishia maji ya vuguvugu kwenye machicha, nikakamua la pili. Nilipoanza la tatu akanitazama. "Mama, si maji matupu hayo?"

Nikacheka peke yangu. Hajui kama mamake aliwahi kuokolewa na tui la tatu.

Mwaka wa mwisho wa chuo nilipewa mwarobaini, niutoe dawa iliyomo kwa mradi wangu wa maabara. Wenzangu walihangaika kutafuta mimea yao Kwale huko. Mimi nilivuka feri tu hadi Likoni, nikajaza gunia majani ya mti wa uani kwa bibi. Alinipa sharti moja: nisiyaanike juani. "Jua litakula dawa, mwanangu." Nikadhani ni maneno ya wazee, hadi nikasoma kwamba azadiraktini, dawa yenyewe iliyomo kwenye mwarobaini, huharibika kwa jua na kwa moto. Basi yakakaukia chini ya kitanda changu, juu ya magazeti, na hewa yenyewe ya chumba ikawa chungu.

Nikasaga, nikapima gramu 200, nikaloweka kwa methanoli, aina ya spiriti. Saa 24, unachuja, unamimina nyingine, saa 24 tena, mara tatu. Fundi wa maabara, mzee wa kofia ya viua, alinieleza kwa lugha ya jikoni: "La kwanza ndilo kasimile. Lakini machicha usiyatupe." Nilikuwa na haraka zangu. Nikachuja la kwanza, nikalipeleka mtamboni.

Mtambo wa kuvukiza ni chupa ya tumbo inayozunguka ndani ya maji ya nyuzi 40, na pampu inafyonza hewa iliyomo. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, lakini hewa ikipungua huchemka hapo hapo, kwenye joto la maji ya kuoga, na dawa haiungui. Sharti valvu ya kuingiza hewa uifunge kidogo kidogo. Mimi niliifunga mara moja.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kile kioevu, kijani hadi kukaribia weusi, kilizunguka kimya. Kisha kikatetemeka. Nikaona povu linapanda shingoni mwa chupa, polepole, kama maziwa yanavyosubiri ugeuke kuchukua kitambaa. Mkono ukatafuta valvu, ukashika swichi ya taa. Likaruka. Koili ya kioo juu ikawa kijani, chupa ya kupokelea ikawa kijani, hadi mpira wa pampu. Tena ile chupa ya kupokelea ilikuwa na mabaki ya mtu mwingine ambayo sikujisumbua kuyamwaga. Hapakuwa na cha kukomboa.

Mzee hakunikaripia. Alinyoosha kidole tu kwenye kabati la kufyonza moshi, ambako machicha yangu yalikuwa bado yamelowa kwenye karatasi ya kuchujia. "Rudi kaloweke."

La pili na la tatu yakanipa gramu 9 za kitu kama lami. Kwenye bamba la silika, linalotenganisha vilivyomo kwenye dawa, madoa yalipanda vizuri tu. Gramu 9 kwa 200, asilimia 4.5. Nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti, bila neno lolote kuhusu la kwanza. Hakuna aliyeuliza. Imo maktabani mpaka leo.

Mwaka 2015, Tu Youyou wa China alipopewa Nobel kwa artemisini, dawa ya malaria, nilisoma kwamba alifanikiwa baada ya kuacha moto mkali na kutumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Sampuli iliyomtoa, mwaka 1971, ilikuwa ya 191. Watu walishangilia hiyo. Mimi nilikwama kwenye zile 190 za kabla yake. Bila shaka aliziandika. Namba zingetoka wapi?

Mwanangu alikuwa ameshanyanyua bakuli, yuko mlangoni, kuku wanamsubiri.

"Mama, nimwage?"

"Hebu lete kwanza."