Vallotton na mitaa ya Paris isiyo na kijivu

Siku hizi nimenasa kwa jamaa mmoja anaitwa Félix Vallotton, mchoraji Mswisi wa Lausanne aliyehamia Paris 1882 akiwa kijana wa miaka 16, mwaka 1891 ndo akaanza kuchonga chapa za mbao, yaani picha zinazochapwa kwa ubao. Enzi hizo mji umejaa mabango ya rangi ya wachoraji kina Toulouse-Lautrec, yeye kajichukulia ubao na wino mweusi, basi.

Kazi yenyewe iko hivi: unachora juu ya ubao, unachonga na kutoa kila unapotaka pawe peupe, panapobaki juu ndo panashika wino, afu unagandamiza karatasi, muhuri wa ofisi ya kata tu huo. Wachongaji wengine wa magazeti walikuwa wanajipinda na vimistari vidogo vidogo ili wapate kivuli. Vallotton hataki kijivu kabisa. Weusi anauacha mzima mzima, makoti ya watu yanaungana yanakuwa bonge moja, mtu unamjua kwa kofia au pua yake.

Cheki La Manifestation ya 1893. Ni maandamano yanatawanyika, watu wanatimua mbio wamejazana kule juu, na huku chini kuna barabara nyeupe tupu imekula sehemu kubwa ya karatasi. Yaani hajachora kitu pale, kachonga kaondoa tu, na ndo panapotisha kuliko pote maana kinachowakimbiza watu hakimo hata kwenye picha. Mwaka huohuo akatoa La Charge, humo sasa polisi wapo, wanashusha kipigo na watu wamelala chini. Ilikuwa miaka ya mabomu ya waanarkisti (watu wasiotaka serikali yoyote) Paris, mpaka rais wa Ufaransa Sadi Carnot akaja kuchomwa kisu Lyon 1894, kwa hiyo sio kwamba alikuwa anajitungia.

Ila usidhani ni vurugu tu. Kuna Le Bon Marché, wateja wamezonga vitambaa dukani, na Le Coup de vent ya 1894, upepo umewakuta watu mtaani wamejikunja na makoti yao. Kwangu mimi hiyo ya upepo ndo kali zaidi, maana upepo hauchoreki, umeuona kwenye migongo ya watu tu.

Van Gogh Museum ya Amsterdam wameweka chapa zake mtandaoni, zifungue kwenye skrini kubwa, kwenye simu ule weusi unameza kila kitu.