Mstari Mmoja Daftarini

Wiki iliyopita baridi ya Julai ilimpasua mjukuu wangu midomo, nikafungua chupa ya gliserini ili nimpake, na ule utelezi mzito ulipotandaa vidoleni sikuwa tena chumbani kwetu. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya lami ya barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, karibu na Ruaha Mbuyuni, nikijaza gliserini ya namna hiyohiyo katika tundu lenye kina cha sentimita 4. Mtoto akaniuliza, “Bibi, mbona umenyamaza?” Nikamwambia kwamba nimekumbuka barabara.

Gliserini ile ilikuwa ya kipimajoto. Lami hulainika kwa jua, kwa hiyo lori lilelile huibonyeza zaidi saa sita mchana kuliko saa moja asubuhi, na asiyeandika joto la lami yenyewe hawezi kulinganisha vipimo vyake vya asubuhi na vya mchana. Tulikuwa tukipima nguvu ya barabara bila kuchimba. Shimo la uchunguzi huonyesha tabaka zote, kokoto hadi udongo, lakini huacha kidonda barabarani, na haliwezi kusemea kilomita nzima inayofuata. Sisi tulitumia boriti ya Benkelman, kifaa kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutumika katika majaribio ya barabara ya jimbo la Idaho. Siku hizi naona mashine inayovutwa na gari, inayodondosha uzito juu ya sahani na kusoma mtikisiko wa lami kwa sekunde chache. Enzi zetu kipimo kilisomwa kwa jicho la mtu aliyepiga magoti.

Utaratibu ulikuwa huu. Lori hupakiwa kokoto mpaka ekseli ya nyuma ifikie tani 8.16, kisha ncha ya boriti hupenyezwa katikati ya matairi pacha, mahali ambapo magurudumu ya malori hupita kila siku. Dereva husogea mbele kwa mwendo wa kinyonga. Lami iliyokuwa imebonyea huinuka, na mshale wa geji hurudi kwa kiasi ilichoinuka. Kila alama ya geji ni sehemu moja ya mia ya milimita, nawe huzidisha mara mbili kwa sababu mkono wa mbele wa boriti ni mrefu maradufu kuliko wa nyuma. Barabara yenye nguvu huinuka kidogo tu, kwa kuwa ilibonyea kidogo.

Asubuhi ile ya Oktoba geji ilikuwa imenipa 31, halafu 34. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalikuwa yamesimama nyuma yetu, kijana wa bendera nyekundu akiyazuia, na joto la lile bonde la mibuyu lilikuwa limekwisha kupanda. Dereva wetu, mzee aliyezoea kazi ile kuliko sisi sote, aliuliza kupitia dirishani, “Niondoke, binti?” Nikamjibu, “Ondoka taratibu, mzee.”

Mshale ukaanza kurudi, ukapita 30 pasipo kupunguza mwendo. Ukapita 50. Nilishika pumzi, maana hata kivuli cha kichwa changu nilikiona kama kinaweza kuutikisa. Ukapita 80, ukapunguza mwendo, ukatetemeka, ukatulia kwenye 97. Hiyo ilikuwa milimita 1.94, mahali ambapo lami ilikuwa laini na nyeusi, haina hata ufa mmoja. Niliinua macho nione kilichokuwa karibu, na hapo nikaziona nyasi: pembezoni mwa tuta, mwezi wa Oktoba, ardhi yote ikiwa imekauka hadi kupasuka, palikuwa na ukanda wa nyasi mbichi wenye urefu wa kama hatua 20. Upande ule kulikuwa na mashamba ya vitunguu na mfereji wa kuyamwagilia.

Mhandisi aliamuru turudie. Tulipata 95. Akasema miguu ya boriti imekaa vibaya, tena foleni ni ndefu. “Kata hiyo, dada, weka wastani wa jirani zake.” Nilijua jambo moja ambalo sikulisema: miguu ya mbele ikisimama ndani ya bonde lililobonyezwa na lori, kosa hupunguza kipimo, haliongezi. Nilijua pia kwa nini tarakimu ile ilikuwa mzigo kwake. Kipimo cha kubuni unene wa lami mpya ni wastani wenye nyongeza ya mtawanyiko wa vipimo vyote, kwa hiyo namba moja kubwa hupandisha unene, na gharama, kwa sehemu nzima. Kuhusu nyasi sikumwambia kitu. Nilikata 97 na 95, nikaandika 33.

Mvua zilikuja Desemba. Februari mwenzangu aliyepita kule alinieleza kwamba lami ya pale ilitokea nyufa kama ngozi ya mamba, kisha ikakatika kama ukoko uliofunika wali mbichi, na malori yakawa yanapishana kwa zamu kwenye upande mmoja uliobaki. Sikumuuliza ni mahali gani hasa. Alipotaja vitunguu nilitosheka.

Nimejiambia mara nyingi kwamba mstari mmoja kati ya mamia usingebadilisha bajeti ya mtu yeyote, na huenda ni kweli. Ekseli ya tani 10 huichosha barabara zaidi ya mara mbili ya ile yetu ya tani 8.16, na zilizopita pale mchana na usiku hazikuwa zikisubiri ripoti. Hata hivyo, kuuzibua mtaro, ili maji yaliyolisha nyasi zile yasilainishe udongo chini ya lami, kungegharimu siku chache za majembe, na aliyeziona nyasi zile nilikuwa mimi.

Daftari lilibaki ofisini. Nakumbuka nilivyokata: mstari mmoja mwembamba wa kalamu ya bluu, wala sikupaka wino juu ya tarakimu, hivyo chini yake 97 ilikuwa inasomeka vizuri. Mpaka leo sina hakika kama nilifanya vile makusudi.