Siku moja maishani mwangu: mlangoni na mapanga ya sponji

Watu wakiniuliza kazi huwa nasema natengeneza mavazi na vifaa vya maigizo. Shule ikitaka mkuki wa mfalme kwa mashindano ya drama wananipigia, vijana wa video za muziki wakitaka AK ya kushika tu mkononi wananipigia. Ila kuna siku za kosplei, zile vijana wanavaa kama wahusika wa katuni za Kijapani na magemu, hapo naitwa kufanya kazi tofauti kabisa, kukaa mlangoni na kukagua silaha. Marafiki zangu wanadhani kazi yenyewe ni kupiga selfie na watu wenye mabawa, kwa hiyo leo naiandika saa kwa saa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Niko Bombo, nyumbani. Kama hujui Bombo, ni mji wetu Wanubi hapa Uganda na pia ni mji wa jeshi, kambi iko hapo hapo, sasa fikiria mimi kutoka nyumbani na bunduki nyeusi begani kabla jua halijatoka. Kila kitu nakifunga. Kwanza shuka kuukuu, halafu lile begi kubwa la mistari la wafanyabiashara, zipu mpaka mwisho, hakuna ncha wala mtutu unaotokeza. Mikuki naitengeneza ya vipande viwili, katikati naweka soketi ya fundi bomba, paipu ya PVC inaingia inakaza, ukifika unaunganisha. Hii si urembo bana, mkuki mzima wa mita mbili ukiubeba kwenye boda unafagia vioo vya magari ya watu mpaka Wandegeya.

Mjomba wangu ni mstaafu wa jeshi, akanikuta nafunga, akainua ile bastola ya sponji akaigeuza geuza. Akasema, "Hii ukiitoa pale Matugga gizani, mimi mwenyewe nakulaza chini kwanza, maswali baadaye." Nikamwambia ndiyo maana inalala ndani ya shuka mjomba. Akacheka, akaenda kuswali.

Saa kumi na mbili na nusu

Teksi ya Kampala. Konda anauliza kwenye begi kuna nini, namwambia nguo na vitu vya maigizo, basi. Sisemi "bunduki" hata kwa utani. Vijana wengi hapa ndipo wanaharibu, wanaona raha kumwambia konda au askari wa lango eti "nimebeba mabomu leo", Kampala hii? Watu wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia tarehe 11 Julai 2010, Kyadondo na Kabalagala, zaidi ya 70 wakauawa kwa mabomu. Halafu Novemba 2021 tena mjini kati, karibu na polisi na karibu na Bunge. Tangu hapo kila mlango wa maana una mtu wa kukupapasa na kufungua begi lako, na huyo mtu hayuko hapo kwa maigizo.

Kabla ya Kawempe polisi wakasimamisha teksi, ukaguzi wa kawaida tu, afande akauliza begi hili la nani. Nikasema ni langu afande, ni vitu vya maigizo ya sponji na barua ninayo, karibu ulifungue. Mimi mikono iko juu ya kiti cha mbele, sifungui mimi, sichomoi kitu, yeye ndiye afungue aone. Barua ina muhuri wa waandaaji na namba ya simu ya mtu anayejibu, maana Uganda karatasi bila muhuri ni ya kufungia njugu. Akabonyeza panga moja likajikunja, akatabasamu, tukaondoka. Abiria mmoja mama mzima akaniambia bambi mwanangu utafute kazi nyingine.

Saa mbili asubuhi

Ukumbi uko upande wa Kamwokya. Kabla ya kupanga meza yangu naenda kwa walinzi, na hapa nitumie muda kidogo kwa sababu ndiyo kazi yenyewe, hiyo ya meza ni nusu tu. Walinzi wametoka kampuni binafsi, wawili wana bunduki za kweli, hawajui Naruto wa katuni ni nani na hawana sababu ya kujua. Nawaonyesha kila aina, hili panga ni sponji ngumu, ile ya mikeka ya watoto ya kuunganisha, nalikunja mbele yao, nawapa walikunje wenyewe. Hii bunduki nyepesi, shika, sikia uzito. Nawaonyesha kitambulisho cha kijani nitakachofunga kwenye kila silaha niliyokagua, wakiona kitu hakina kijani wasinyang'anye, waniite.

Mmoja wao, mzee wa kaskazini anayeongea Kiswahili cha jeshini, akauliza ile rangi ya chungwa kwenye mdomo wa bastola ni ya nini. Nikamweleza, Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 sheria inataka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya chungwa ili polisi ajue ni ya mchezo. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Mimi nikiona mdomo wa bunduki unaniangalia, sihesabu rangi."

Mzee kasema kweli yote. Hata huko kwao Cleveland mwezi Novemba 2014 mtoto wa miaka 12 alikuwa na bunduki ya kuchezea ambayo ile ncha ya rangi ilikuwa imeshatolewa, polisi wakafika wakampiga risasi ndani ya sekunde mbili hivi. Mimi rangi napaka, waandaaji wanaitaka na ni sawa, lakini usije ukamwambia mtu wa Kampala kwamba rangi itamlinda barabarani. Ndani ya ukumbi sote tunajua ni sponji. Nje hakuna anayejua, na nje ndiko kwenye watu wenye bunduki za kweli.

Saa tatu

Kikao na wasaidizi wangu, wanafunzi wa chuo, wana nguvu na wamelala vibaya. Nawaambia kisa cha Phoenix, Arizona, Mei 2017, mtu aliingia kwenye tamasha kama hili na bunduki halisi zenye risasi, polisi wakamkamata kabla hajadhuru mtu, na wikendi hiyo hiyo waandaaji wakapiga marufuku silaha zote za bandia. Siwaambii kuwatisha. Nataka wajue kwamba ukaguzi hautafuti sponji mbaya tu, unatafuta kitu cha kweli kilichojificha katikati ya vya uongo, kwa hiyo kila kitu kinashikwa kwa mkono, hata cha rafiki yako, hata cha mshindi wa mwaka jana.

Saa nne mpaka saa saba

Mlango umefunguka na foleni imefika barabarani. Panga la kwanza zuri sana, ila paipu ya ndani imetokeza kwenye ncha, ukimgusa mtu jichoni ndiyo basi. Narudisha, ongeza sponji kidogo mbele, gundi ya fundi viatu iko hapa mezani, subiri ikauke. Upinde unaingia lakini kamba nailegeza mpaka haivuti, mishale bila ncha. Upanga wenye ala tunaufunga kwa zile tai za plastiki za mafundi umeme ili usichomoke, ukitaka picha ukiwa umeuchomoa uje tukufungulie sehemu ya picha. Bunduki za vidonge vya plastiki haziingii, hata tupu, na sitaki kusikia "haina kitu anti", kila mtu anasema haina kitu.

Akaja kijana na panga la jikoni la mama yake, amelifunika karatasi ya fedha ya kuchomea nyama. Eti halijanolewa. Nikaligusa, limenolewa vizuri tu. Sikumgombeza, lakini nilimwambia kule Masaka mwaka 2021 wazee waliuawa kwa mapanga majumbani mwao, zaidi ya watu 20 ndani ya miezi michache, kuna watu humu ndani wana ndugu kule, wakiona chuma kinang'aa hawataona katuni. Panga likafungiwa kwenye sanduku na namba, namba akapewa.

Halafu yule wa mkuki. Huyu hakuvaa katuni, alivaa mavazi ya kwao na mkuki wa babu yake, chuma kabisa, mti mweusi mzuri. Akasema huu ni utamaduni, nyinyi mnaruhusu pepo wa Japani mnakataza babu yangu? Swali lina uzito na nilikosa jibu la haraka, tena nyuma yake foleni inapiga kelele. Nikamwambia kaka, babu yako namheshimu na ndiyo maana sitaki mkuki wake ukanyagwe na watoto humu, lakini chuma ni chuma. Akakataa. Tukavutana. Mwisho nikampa mkuki wangu wa PVC, nikauweka wa babu juu ya kabati la ofisi umelazwa kwa heshima, yeye mwenyewe akachagua pa kuuweka. Nadhani sheria ya "hakuna chuma" ni sahihi, ila waandaaji wangeandika kwenye tangazo mapema kwamba inahusu na vitu vya kimila, mtu asije kudhalilika mlangoni.

Aliyenitoa jasho lakini ni mwenye suruali ya mabaka. Ameinunua soko la Owino kwenye mitumba, anafanya mwanajeshi wa gemu. Silaha yake safi, sponji, rangi ya chungwa, kila kitu. Suruali ndiyo shida! Hapa Uganda sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi si ya raia, ipo kwenye sheria ya UPDF, jeshi letu, ya 2005, na Septemba 2019 walitangaza rasmi orodha ya mavazi yao mpaka bereti nyekundu imo. Mimi mtoto wa Bombo nimekua nayaona haya, huko hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hagusi kombati. Mabaka na bunduki pamoja, hata ya sponji, ni kujitafutia balaa. Msaidizi wangu akamfunga leso kiunoni mpaka miguuni, suruali ikaenda kwenye kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, akashinda siku nzima mwanajeshi wa leso, na picha zake ndizo zilipendwa kuliko zote.

Saa nane

Rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, na soda, nimesimama.

Saa tisa na nusu

Nazunguka ukumbini. Wapiga picha ni tatizo kuliko wavaaji, kila mmoja anataka "elekeza huku, nielekeze mimi", nawaambia mtutu uende pembeni ya kamera, picha inatoka vile vile. Kuna mtu aliinua mkuki kushangilia chini ya pangaboi, nikamshika mkono kabla halijamkata sponji yote.

Halafu nikasikia kelele nje. Kijana wetu mmoja ametoka kununua maji ng'ambo ya barabara na bunduki ndefu mkononi, nyeusi, ameishika kama anavyoishika kwenye gemu, kidole kwenye kifyatulio, kofia imefunika macho hata haoni vizuri, na madereva wa boda stejini nusu wanacheka nusu wameshaacha pikipiki zao. Askari wa duka la jirani alikuwa amesimama na mkono wake umeshashika bunduki yake. Sikukimbia, ukikimbia unaongeza. Nikatembea kwa sauti, "Askari, ni sponji, ni ya maigizo, afande ni sponji," na kijana nikamwambia iache chini taratibu, usigeuke kwanza. Akaiacha. Yule askari akaja akaipiga teke ikaruka kama karatasi, akatutukana wote wawili, na alikuwa na haki.

Nikarudi nikawaambia waandaaji kuanzia sasa hatoki mtu na silaha, unaiacha mezani unapewa namba kama mzigo, ukirudi unachukua. Wakasema watu watalalamika, ni dakika mbili tu. Nikasema basi tafuteni mtu mwingine wa mlango. Ikaandikwa kwenye ubao hapo hapo.

Saa kumi na moja jioni

Kurudisha vitu. Mama wa lile panga alikuja mwenyewe, kumbe anauza matooke pale nyuma, amekata ndizi zake kwa kisu kidogo tangu asubuhi anamlaani mwizi. Kijana alisimama nyuma yangu. Mkuki wa babu ukashuka kabatini, mwenyewe akaufunga kwenye gunia, nikampa na kamba. Kila anayetoka tunamkumbusha, funga, funika, usivae kofia ya uso mpaka ufike kwenu.

Saa moja usiku

Stejini nasubiri teksi, shuka moja limefunguka kidogo, mwanaume mmoja akaona kitako cha bastola. Akasogea, kwa upole kabisa, dada hii unauza bei gani? Nikauliza ya kazi gani. Akasema ya kutishia tu, kuna watu wananidai wananisumbua. Mimi sijasoma sheria lakini hili nalijua, tangu 2007 kwenye wizi wa mabavu hata silaha ya bandia inahesabiwa silaha ya kuua, sponji au chuma hakimu haoni tofauti unayoiona wewe. Nikamwambia haiuzwi. Akasema kwani si sponji tu? Nikavuta zipu.

Teksi za Bombo zilikuwa zimejaa zote, nikapanda ya Matugga kwanza.