Kona ya Biden

Juzi nilimpeleka binti yangu kwenye mechi ya mpira wa kikapu. Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa tu, harufu ya nta ya sakafu ikanirudisha Alhamisi ya tarehe 3 Januari 2008, Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, saa moja jioni, baridi ya kukata masikio.

Bibi mmoja wa huko, niliyemwita Bibi wa maboga, ndiye aliyenivuta kwenda kwenye mkutano ambapo wafuasi wa chama cha Democratic walimchagua mgombea wao wa urais. Kura sikuwa nayo, maana uraia sikuwa nao, ila watazamaji tuliruhusiwa kukaa pembeni. Kwetu Kenya ilikuwa saa kumi alfajiri, siku ya tano tangu matokeo ya urais yatangazwe na ghasia za kikabila zilipuke. Mama alikuwa Eldoret na simu yake haikupatikana tangu mwaka mpya. Yangu nilikuwa nimeishika kama yai.

Nilitarajia masanduku. Kumbe watu waliambiwa waende kona: Obama chini ya kikapu, Clinton chini ya ubao wa matokeo, Edwards karibu na mlango. Mlolongo! Mara ya mwisho kuona watu wazima wakihesabiwa kwa kusimama ilikuwa mchujo wa ubunge wa 1988, nikiwa darasa la nne. Mlolongo mrefu ulizunguka uwanja wa shule. Mfupi ukatangazwa mshindi. Baba alirudi akavua viatu, asiseme neno.

Hapa walijihesabu wenyewe, kila mtu akitaja namba yake kwa sauti. Wakawa 120. Kona isiyofikisha asilimia 15, yaani watu 18, watu wake wahamie kwingine au waende zao. Kona ya Biden ilikuwa na watu saba, Bibi akiwa wa nne.

Wapambe wakawavamia, mmoja wa Edwards akiwa na sahani ya biskuti. Bibi akawapungia mkono waondoke, akaja hadi nilipokaa, koti limefungwa vifungo vyote.

"Huyu mwana wa kwenu," akauliza, "ni mtu mzuri?"

Obama nilimjua kama alivyomjua yeye, kwa televisheni. Ningesema ndiyo, Kogelo nzima, kijiji cha baba yake, ingenishukuru. Lakini wiki ile, kwetu, neno "wa kwetu" lilikuwa linachoma watu nyumba.

"Sijui, Bibi."

Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauvuka ukumbi polepole, buti zake zikilia juu ya ile nta, macho yote yakimfuata. Alipita kona ya Obama. Akasimama kwa Edwards.

Obama alishinda Iowa kwa takriban asilimia 38, Edwards 30, Clinton 29. Biden alijitoa usiku uleule. Mama alipatikana siku mbili baadaye, mzima, katika uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wenzake waliokimbia makwao.

Biden aliposhinda urais 2020, Bibi alikuwa ameshafariki. Mpaka leo sijui kama ni jibu langu lililompeleka kwa Edwards, au ni zile biskuti.