Mapipa trilioni kwenye mawe, sawa, lakini mawe gani?

Juzi kijiweni Mwananyamala mshkaji mmoja katoa simu anatusomea eti Marekani wana mapipa zaidi ya trilioni 4 ya mafuta yamelala kwenye mawe kule Colorado, Utah na Wyoming, halafu anauliza kwa hasira mbona petroli haishuki bei. Namba yenyewe haina shida, wanajiolojia wao ndivyo walivyokadiria. Ila mle kwenye mawe hamna mafuta bwana! Kuna kerojeni, uchafu mgumu wa mabaki ya mwani na vidudu vya zamani, haumwagiki wala hauyeyuki kwenye petroli, mpaka ulipashe jiwe joto la kama nyuzi 500 bila hewa ndio linaanza kutema mvuke unaopozwa kuwa mafuta.

Sasa hapo ndio watu wanapochemka, wanadhani jiwe lenye kaboni nyingi ndilo lenye mafuta mengi. Siyo lazima. Kinachoamua ni haidrojeni. Mawe ya Green River, yaani hayohayo ya Colorado, Utah na Wyoming, yalitokana na mwani wa ziwani, haidrojeni imejaa, kwahiyo ukiyapasha karibu theluthi mbili ya kaboni yake iliyotokana na viumbe inatoka kama mafuta. Chukua mawe meusi ya mashariki mwa Marekani, yale ya enzi ya Devoni, kaboni inaweza kuwa ileile kabisa lakini inayogeuka mafuta ni kama theluthi moja tu, nyingine inabaki humohumo imekuwa kama makaa. Ni kama nazi mbili uzito sawa, moja imekomaa nyingine koroma, unakuna mpaka mkono unauma ila tui haliwezi kuwa sawa.

Ndio maana kwenye biashara hii hawaulizi kaboni tu, wanauliza kipimo cha Fischer. Wanasaga jiwe, wanapima gramu 100, wanaweka kwenye kichungu kidogo cha alumini, wanapandisha joto nyuzi 12 kila dakika mpaka 500, wanaliacha hapo dakika 40, halafu wanapima mafuta yaliyotoka, maji yaliyotoka na jiwe lililobaki. Tabaka linaloitwa Mahogany kule Colorado linatoa kama lita 100 kwa tani. Tani nzima, pipa halifiki!

Na kupasha jiwe siyo bure. Kilo moja inakula kama megajouli 1 ya joto, wakati kerojeni yenyewe ina kama megajouli 40 kwa kilo, piga hesabu mwenyewe, jiwe likiwa na kerojeni chini ya asilimia 2.5 unachoma nishati yote kulipasha lenyewe, hupati kitu, bora ulijengee nyumba.

Halafu kuna yale madini mengine yaliyomo humohumo kwenye jiwe, ambayo mimi naona hayasemwi vya kutosha. Estonia wana jiwe lao linaitwa kukersaiti, ni miongoni mwa mazuri kabisa duniani, na bado linalotoka mgodini lina megajouli 8 au 9 tu kwa kilo, yaani kuni kavu zinalipiga bao mbali. Sehemu kubwa ni chokaa na udongo. Udongo unabeba maji, maji yanakula joto kuwa mvuke. Chokaa ndio mbaya zaidi, ukichoma moto mkali sana inavunjika, inafyonza joto lako na kukutolea hewa ukaa ambayo haikutoka hata kwenye mafuta. Maboila ya zamani ya Narva, kwenye mitambo ya umeme ya hukohuko Estonia, yalikuwa yanachoma unga wa hilo jiwe kwenye joto kali mno na chokaa karibu yote inaharibika, mapya yanachomea kwenye nyuzi kama 800 na sehemu nzuri ya chokaa inabaki salama. Majivu lakini yapo palepale, karibu nusu ya ulichotia, kule kuna vilima vizima vya majivu.

Jordan nao wana mawe mengi ila salfa imezidi, mafuta yake yanahitaji kusafishwa kwelikweli kabla hujayatia kwenye gari, wakaona wajenge mtambo wa Attarat wa megawati 470 wayachome moja kwa moja yawe umeme.

Waestonia wanafanya vyote viwili, mafuta na umeme, na wanachambua kwanza: mabonge yenye kerojeni nyingi yanaenda kwenye tanuri la mafuta la aina ya zamani, chenga zilizochanganyika na chokaa nyingi zinaenda kwenye boila au kwenye matanuri mapya yanayokula chenga.