Siku moja maishani mwangu: watoto 12 wa likizo, Bagamoyo

Nikiwaambia watu nakaa na watoto wakati wa likizo wengi wananijibu aah kumbe unashinda unacheza tu, raha yako. Leo nimeamua niandike siku yangu moja ya mwezi wa 6, toka nimeamka mpaka nimelala, mtu asome aone mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Bagamoyo. Shule zikifungwa nachukua watoto wa majirani na wa wazazi wanaokwenda kazini, miaka minne mpaka nane, wanashinda kwangu uani toka saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Elfu tano kwa siku, chakula humo humo. Safari hii wako 12, na mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne ndio ananisaidia.

SAA KUMI NA NUSU ALFAJIRI
Naamka kabla ya adhana. Nabandika uji, nachemsha mihogo na mayai, najaza maji ya kunywa kwenye madumu mawili, nafungasha kikapu: plasta, pamba, spiriti, sabuni, chupi za akiba, khanga mbili. Mwezi umeandama juzi kwa hiyo tuko kwenye bamvua, siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa sana, na hili la maji ndio jambo ambalo wazazi hawajui hata kama nalipigia hesabu. Huwezi kupeleka watoto pwani kwa kuangalia saa ya ukutani peke yake. Bahari kwa siku inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake, sasa pale ulipotembea pakavu saa nne asubuhi Jumatatu, ukirudi saa ile ile wiki inapoisha unakuta maji. Siku za bamvua huku kwetu maji yanakupwa mbali kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, ndio maana leo ndio siku ya kutoka.

SAA MOJA NA NUSU
Wanaletwa. Shikamoo anti, marahaba, shikamoo anti, marahaba, kila mzazi namuuliza amekula, amelala vizuri, anaumwa popote, na kila mtoto namfunga kitambaa chekundu cha khanga mkononi. Uji unanywewa, unamwagwa, unafutwa.

SAA MBILI
Kazi za mikono. Jana jioni niliangushiwa makuti mabichi mawili na kijana anayekwea minazi, na leo tunatengeneza vititia, vile vya kuzunguka na upepo. Kwa asiyejua, unachukua jani la mnazi unalichana kwenye uchelewa wake, ule uti wa katikati, unapata vipande viwili laini, unavikunja vinapishana katikati kama msalaba, ncha unazirudisha ndani mpaka vikaze, alafu unachomeka ule uchelewa katikati, unashika unakimbia nao. Mwezi wa 6 upepo wa kusi unavuma kwa hiyo hata kukimbia si lazima, unasimama tu kititia kinazunguka chenyewe. Jani lile lile linatoa saa ya mkononi, miwani, panzi, pete. Hakuna mkasi, hakuna gundi, hakuna hela.

Kuna mtoto wa kiume wa miaka sita kaja kwa bibi yake toka Dar. Alilishika lile jani kama mtu aliyepewa samaki hai. Akalichana likakatika, la pili likakatika, la tatu akalitupa akaanza kulia anasema yeye hawezi yeye anataka simu. Nikakaa chini nyuma yake nikaweka vidole vyangu juu ya vyake, tukalichana pamoja pole pole toka kwenye shina kwenda kwenye ncha, maana ukianzia kwenye ncha ndio linakatika. Nikamwona anatoa ulimi pembeni ya mdomo vile watoto wanavyofanya wakizama kwenye kitu. Ilimchukua nusu saa nzima. Kititia chake kilikuwa kimepinda upande mmoja lakini kilizunguka, na hakukiweka chini siku nzima. Mtoto wa miaka sita, kwa bibi yake kuna minazi minne mbele ya mlango, na alikuwa hajawahi kuligusa jani lake. Hili linaniuma kweli, siwezi kusema linanipita hivi hivi.

SAA TATU NA NUSU
Noah ya kukodi imefika, tunaenda Kaole. Kutoka mjini ni kama kilomita tano kwenda kusini, sio mbali. Wiki iliyopita tulikuwa Ngome Kongwe, alafu Misheni, ile ya Wakatoliki, kuangalia ule mbuyu uliomeza mnyororo. Misheni yenyewe ilianza mwaka 1868, na watoto waliupapasa ule mnyororo wanauliza mti una meno au hauna. Leo ni zamu ya magofu. Nimekubaliana na dereva atuache, aturudie saa sita kamili. Nimemwambia mara mbili. Saa sita.

Kaole ni magofu ya misikiti ya zamani sana, wa kwanza wanasema ni wa karne ya 13, na makaburi yenye minara, mengine yaliwekewa bakuli za Kichina kwenye mnara, ukiangalia unaona matundu zilipokaa. Mimi siwapi watoto hotuba, mtoto wa miaka mitano hajui karne ni kitu gani. Nawaambia tafuteni jiwe lenye mchoro, kila mtu aniletee habari ya jiwe lake ila jiwe lenyewe asiling'oe. Kabinti kamoja kakaniita kwa kunong'ona, "Anti njoo, hili lina nyota." Kameweka kidole kwenye ukuta, na kweli lina nyota, nyingi, ndogo ndogo kama zimechorwa kwa sindano. Ni tumbawe. Msikiti wote umejengwa kwa mawe ya baharini na chokaa, hilo jiwe zamani lilikuwa hai chini ya maji. Nikamwambia hivyo. Akaondoa kidole haraka alafu akakirudisha taratibu.

Mwingine akauliza sasa bahari iko wapi, mbona hatuioni. Swali zuri kuliko maswali ya watu wazima wengi, maana Kaole ilikuwa bandari, majahazi yalifika, alafu mikoko ikaota ikazidi mbele yake mpaka bahari ikawa mbali na mji ukahamia kule ulipo sasa. Tukaenda kuiona hiyo mikoko. Wakavua ndala wakakanyaga tope, tope lile la mikoko jeusi lenye harufu yake, na juu yake wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanalipunga kama wanamwita mtu. Ukisogea wote wanapotea, ukitulia wanarudi mmoja mmoja. Watoto 12 wamechuchumaa kimya kabisa wanasubiri kaa. Dakika tano hivi. Kimya kama kile huwezi kukipata darasani hata ukiwa na fimbo. Mdogo wangu akapiga picha nikaituma kwenye grupu la wazazi, na hiyo picha ndio ikaniletea balaa.

SAA SITA
Noah haipo.

Saa sita na robo haipo, napiga simu inaita haipokelewi, sita na nusu haipatikani kabisa. Mihogo na mayai tumeshamaliza saa nne na nusu, wali uko nyumbani kwenye sufuria. Nimewaweka watoto kivulini chini ya mbuyu nimewahesabu 12, nikahesabu tena 12, mdogo wangu anahesabu kutokea upande ule na mimi huku, maana mtoto akiwa na njaa anaanza kutembea ovyo. Kale ka miaka minne kanataka haja kubwa, nikakapeleka, narudi mapacha wanagombania kititia chao kimoja kilichobaki kizima, mmoja kamng'ata mwenzie begani, nasafisha, huyu wa Dar anauliza tunaenda lini, anauliza tena, anauliza tena. Wakaomba tucheze kombolela na nikakataa, kombolela ni kujificha na mimi saa hiyo nataka niwaone wote kwa jicho moja, tukacheza mdako kwa kokoto, alafu hadithi ya sungura na fisi, alafu nikaokota ukuti mkavu nikajaribu kuwaonyesha panzi ila likikauka halikunjiki linavunjika tu. Na jua limeshahama kivuli kimesogea na sisi tunasogea nacho.

Katikati ya hapo simu inaita, nikajua dereva. Ni mama yake yule mtoto wa Dar, anafanya kazi huko huko, mwanae kamwacha kwa bibi.

"Mwalimu, nimeona picha. Mbona mwanangu ana tope mpaka magotini?"

Nikamwambia dada tuko kwenye mikoko Kaole, nitamuosha, nguo za kubadilisha zipo.

"Sawa, lakini leo ameandika nini?"

Nikamwambia leo hajaandika, leo ametengeneza kititia na ameona kaa.

"Mwalimu mimi nalipa elfu tano kwa siku. Kama ni kucheza tope si angekaa kwa bibi yake bure?"

Nilikuwa nimembeba wa miaka minne kiunoni, jasho linaniingia machoni, na nikashindwa cha kusema. Nilikuwa nacho tele. Ningemwambia vidole vilivyokazana na jani nusu saa ndio hivyo hivyo vitakavyoshika penseli mwezi wa 7, kwamba mtoto anayesubiri kaa dakika tano bila kusukumwa anajifunza kutulia na kuangalia, na hilo mimi mwalimu wa chekechea nalijua kwa kuwaona wanaokuja darasani hawajui hata kufungua kifuniko cha chupa. Ningemwambia wenzie 11 pia nimewashika kwa macho muda huu. Nikasema tu, "Sawa dada, tutaongea jioni," simu ikakatwa.

Dereva kafika saa nane kasoro robo. Eti alipata abiria wa Mapinga akaona atawahi kurudi, na simu ikazima chaji. Sikumtukana, watoto walikuwa wanasikia. Nilimwambia kaka angu, abiria wako anaweza kujinunulia soda akasubiri, hawa hawawezi. Akanyamaza. Nauli nilimpa pungufu na hakubisha.

Baadae kidogo, sijui saa ngapi, tumefika. Nimewaogesha wote 12 kwa foleni, ndoo na kata, mdogo wangu anasugua mimi nasuuza. Wali na maharage na mchicha vimeliwa bila neno hata moja. Mkeka umetandikwa na wamelala palepale, wengine mdomo una wali. Ndio saa pekee ya mchana nilipokaa, nikanywa chai imepoa. Miguu inawaka. Kitambo kidogo wa kwanza akaamka, amejikojolea, nikanyanyuka.

Jioni wamechukuliwa mmoja mmoja. Bibi mmoja aliniletea mafenesi, Mungu amzidishie. Saa kumi na moja ikapita, na nusu ikapita, akabaki mmoja, yule wa Dar. Bibi alikuwa na dalili za homa, hivyo mama mwenyewe ndio anakuja, yuko njiani, foleni. Tulikaa kizingitini. Nilikuwa nimechoka mpaka maneno yananitoka nusu nusu na yeye bado ana maswali, kaa wanalala wapi maji yakijaa. Nikamwambia kila mmoja ana shimo lake kwenye tope, maji yakija anaingia. Akasema, "Na mlango anafunga?" Nikamwambia wengine wanaziba na tope. Akalifikiria hilo muda mrefu.

Saa moja kasoro dakika kumi bajaji ikasimama. Mama kashuka, shikamoo haipo maana tunalingana, tukasalimiana vizuri tu. Amechoka na yeye, viatu kavishika mkononi, nilimwonea huruma kweli. Akaniambia kesho kama hakuna kuandika tuelewane bei. Nikamwambia, dada, bei ni hiyo hiyo, na kesho tunatengeneza mashua za makumbi ya nazi, ukipata nafasi uje hata nusu saa ukae naye. Hakuniitikia wala hakukataa. Mtoto alishapanda, katoa mkono nje ya bajaji na kile kititia kilichopinda, na bajaji ilipoondoka nikamsikia anamwambia mama yake shika na wewe, shika hapa chini sio juu.

Sasa hivi ni saa nne usiku, naandika hii nikiwa nimeloweka miguu kwenye beseni. Mdogo wangu kalala na nguo alizoshinda nazo. Makumbi 12 nimeshayapanga uani, na mawili ya akiba maana moja lazima litapasuka. Vyelewa vya mlingoti nimechonga, tanga tutatumia majani ya mkungu. Kesho maji yanakupwa kama saa tano hivi, kwa hiyo asubuhi tuna muda wa kutosha, na dereva nimeshapata mwingine.